SABUFA IKINYAMAZA, TUPIME KABLA YA KULAUMU

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nina donge moyoni lililonikaa tangu likizo ya Aprili. Nimeona heri nilitoe hapa katika jarida letu kuliko kuendelea kulimeza.

Donge lenyewe linahusu sabufa. Naam, sabufa, lile sanduku la kutoa besi ambalo wengi wetu huliita wufa. Najua kuna watakaocheka na kusema, "Ati sabufa! Huyu amekosa la kuandika?" Cheka tu, ndugu yangu, lakini usiufunge ukurasa. Maoni yangu ni haya: kitu kikiharibika nyumbani au shuleni, sisi huanza kwa kumtafuta wa kulaumiwa, kisha tunatafuta pesa za kununua kingine. Katikati ya hayo mawili kuna hatua tunayoiruka kila siku, nayo ni kupima. Kuiruka kunatutia hasara ya pesa, na wakati mwingine hasara ambayo hailipiki kwa pesa.

Hebu niwasimulie yaliyotokea kwetu.

Mama yangu ana hoteli ndogo ya chai na chapati karibu na steji. Zamu yake ya chama ilipofika, alinunua runinga na sabufa yenye spika mbili ndogo. Nyinyi si wageni wa mambo haya. Siku ya mpira hoteli hujaa pomoni, na mtu hawezi kukaa dakika tisini bila kuagiza chai. Besi ndiyo inayowaita. Ukiwa steji unaisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni.

Jumamosi moja ya likizo, saa kumi jioni, tuliwasha mitambo tukapata sauti nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa mkebeni. Spika ndogo zilikuwa zinalia, lakini sabufa yenyewe ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Wateja wakaanza kunung'unika. "Mama, hii ni mechi ama ni matanga?" Wengine wakahamia hoteli ya ng'ambo ya barabara. Mama alizitazama chapati alizokuwa amezipanga, kisha akauliza swali moja tu: "Nani ameiharibu?"

Sote tulimgeukia mdogo wangu wa Gredi ya Sita. Asubuhi hiyo alikuwa ameunganisha simu na kucheza muziki kwa sauti ya juu huku akipiga deki. "Woishe, si mimi!" akasema. "Niliiacha ikilia vizuri!" Nani angemsikiliza? Mimi, kwa hasira ya chapati zilizododa, nilimzaba kofi. Hakulia. Alitoka nje akaketi juu ya kreti za soda nyuma ya hoteli mpaka giza likaingia, na usiku huo hakutia kitu kinywani.

Jumatatu tuliibeba sabufa hadi kwa fundi mmoja sokoni. Hakuifungua. Hakuiunganisha na stima. Aliigonga mara mbili kwa kidole, akaitikisa, akasema, "Koili imeungua. Hawa watoto wa siku hizi wanafungulia sauti mpaka mwisho. Spika mpya pamoja na kazi ni elfu mbili mia tano." Elfu mbili mia tano! Mama alinitazama, nami nikamtazama mdogo wangu, naye akatazama chini. Sasa hukumu yetu ilikuwa imepigwa muhuri na mtaalamu. Mama alisema tungoje mwisho wa mwezi.

Kabla ya mwisho wa mwezi akaja Mjomba. Yeye hufanya kazi ya kutia nyaya za stima katika majumba, na mfuko wake haukosi bisibisi, koleo na mita. Alipoelezwa mkasa wote alicheka kidogo, kisha akamwambia Mama, "Dada, mtoto mmemhoji mkamhukumu. Na sabufa je, mmeihoji?"

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka kila msomaji ayashike, kwa sababu Mjomba hakufanya miujiza. Aliuliza maswali kwa mpangilio, akianza na yale yasiyogharimu hata peni.

Swali la kwanza lilikuwa: je, stima inafika? Taa ndogo ya mbele ikiwaka, stima imefika. Isipowaka, chomeka chaja ya simu katika soketi ile ile. Chaja ikikosa kufanya kazi, basi sabufa haina hatia, soketi ndiyo mbovu. Chaja ikifanya kazi, tazama fyuzi iliyomo ndani ya plagi yenye pini tatu. Hapa ndipo niliposhtuka kwamba nilikuwa nasoma fizikia kama kasuku. Sabufa yetu imeandikwa nyuma kwamba inatumia wati 60. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Gawanya 60 kwa 240, unapata robo ya ampea. Lakini plagi ilikuwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo inafaa birika au pasi! Fyuzi ya ampea 3 ingeilinda vizuri zaidi. Mjomba aliibadilisha hapo hapo.

Swali la pili: je, spika ndogo zinalia? Kwetu zilikuwa zinalia. Wengi wetu tuliona jambo hilo tukalipita tu, kumbe lilikuwa ushahidi mkubwa. Katika sabufa kama yetu, transfoma na kikuza sauti vimo ndani ya sanduku lile lile la besi, na spika ndogo hupata nguvu kutoka humo. Kwa hiyo, zikilia, tunajua stima imeingia, fyuzi ni nzima, transfoma ni nzima, na waya wa kutoka kwenye runinga ni mzima. Kwa swali moja tu tumewaondolea lawama washukiwa wanne. Wangapi kati yetu huwaondolea watu lawama kwa kasi hiyo?

Ikiwa taa inawaka lakini zote zimenyamaza, tazama kwanza kama umechagua mlango unaofaa. Pengine sabufa inangoja simu kwa blutuuthi na wewe unacheza runinga. Kisha jaribu waya mwingine wa muziki. Mjomba alitufunza ujanja mmoja wa mafundi: punguza sauti, chomoa ule waya mwembamba wa muziki upande wa runinga, uache upande wa sabufa, kisha gusa ncha yake kwa kidole. Mwili wa binadamu hunasa mawimbi ya stima iliyo nyumbani, yale yanayopiga mara 50 kwa sekunde. Ukisikia mngurumo, ujue kikuza sauti ki hai na shida iko kwenye waya au runinga. Usiposikia kitu, shida huenda iko kwenye waya au ndani ya sanduku.

Swali la tatu: je, kitufe cha besi kimefunguliwa? Msicheke. Mjomba anasema amewahi kuitwa kutoka mbali, akafika, akazungusha kitufe cha besi kilichokuwa kwenye sufuri, akanywa chai akarudi. Kwetu kitufe kilikuwa sawa.

Basi washukiwa wakabaki wawili: sehemu ya kikuza sauti inayohudumia besi, au spika kubwa pamoja na nyaya zake. Mjomba alichomoa plagi, akatuamuru tungoje karibu nusu saa, kwa sababu kapasita zilizomo ndani huweka chaji hata baada ya stima kukatwa. Kisha akafungua skrubu nne za spika kubwa na kuivuta nje taratibu.

Lo! Waya mmoja ulikuwa unaning'inia. Kile kibati cha mwisho wa waya kilikuwa kimelegea na kuwa cheusi, kikachomoka kwenye mguu wa spika. Hiyo ndiyo ilikuwa maiti yetu.

Hata hapo Mjomba hakushangilia. Alisema, "Waya kuchomoka hakuonyeshi kwamba koili ni nzima. Tupime." Alinipa betri moja ya tochi, volti 1.5, pamoja na vipande viwili vya waya, akaniambia niguse miguu ya spika mara moja na kuachilia. "Dup!" Karatasi ya spika ikaruka mbele, ikarudi. Kisha akaweka mita, ikasoma omu 3.6. Nyuma ya spika imeandikwa omu 4, na mita ikipima koili nzima husoma chini kidogo ya kilichoandikwa. Koili iliyoungua na kukatika haisomi kitu. Mwisho akasukuma karatasi ile polepole kwa vidole vya mikono miwili ili nisikilize kama kuna mkwaruzo. Hapakuwa na mkwaruzo wowote.

Alikibana kile kibati kwa koleo, akakikwangua weusi, akakirudisha mahali pake, akakaza skrubu nne. Tukawasha. Sufuria zikatetemeka rafuni. Gharama: bei ya fyuzi na kikombe cha chai.

Sasa, kwa nini waya ulichomoka? Elimu yake tulipewa darasani Kidato cha Pili tulipojifunza jinsi mkondo wa umeme unavyozaa nguvu za sumaku. Ndani ya spika kuna koili iliyokaa katikati ya sumaku. Mkondo ukipita mbele na nyuma, koili inasukumwa mbele na nyuma, na karatasi iliyobandikwa juu yake inasukuma hewa. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na mpaka leo msingi wake ni ule ule. Sikio la binadamu husikia toka hezi 20 hivi hadi hezi 20,000. Sabufa hupewa zile za chini kabisa, kama toka 20 hadi 200, na kwa sauti hizo karatasi lazima iende mbali na kusukuma hewa nyingi. Hivyo sanduku zima hutikisika siku nenda siku rudi. Kibati kilicholegea kidogo hulegea zaidi, mpaka siku moja kinasema kwaheri. Haba na haba hujaza kibaba, wenzangu. Siku hiyo ingefika hata kama muziki ungekuwa wa chini.

Nataka niwe mkweli hapa, nisije nikaonekana navutia ngozi kwangu kama mwamba ngoma. Sauti ya juu kupita kiasi huunguza koili kweli. Kikuza sauti kikilazimishwa kupita uwezo wake hutoa sauti iliyokwaruza, na koili huchemka mpaka gundi yake ikaungua. Kwa hivyo yule fundi wa sokoni hakusema jambo lisilowezekana. Mimi simlaumu kwa kukisia. Daktari pia hukisia anapokuona unatetemeka, lakini hukupima damu kabla ya kukudunga sindano ya malaria. Fundi huyo alikuwa na mita juu ya meza yake, nami niliiona kwa macho yangu. Ingemchukua muda mfupi sana kuliko ule aliotumia kutueleza tabia za watoto wa siku hizi.

Na sisi tuliompelekea tuna makosa zaidi. Tulikuwa tumekwisha kata kauli, tukaenda kwake kutafuta mtu wa kukubaliana nasi.

Jioni ile nilimfuata mdogo wangu nyuma ya hoteli, kwenye zile kreti za soda. Nilimwambia, "Nisamehe. Kumbe ilikuwa waya tu." Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na kama mngekuta koili imeungua, ungeniomba msamaha?"

Nilikosa jibu. Nimelitafuta muhula mzima na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Jibu ni kwamba nisingemwomba. Ningesema, "Nilijua tu!" na kofi lile lingekuwa halali machoni pangu mpaka leo. Lakini kofi halipimi omu. Halirudishi wateja waliovuka barabara. Hata kama koili ingekuwa imeungua, mtoto alihitaji kuonyeshwa mahali pa kukomea anapofungua sauti, na hilo hakuna aliyewahi kumwonyesha. Majuto ni mjukuu, na wangu anatembea na mimi mpaka bwenini.

Kuna watakaonipinga kwa kusema kazi ya fundi aachiwe fundi, kwamba mwanafunzi akichezea stima atakufa. Hoja hii ina uzito na sitaipuuza. Stima ya volti 240 haina urafiki na mtu. Kwa hivyo naweka mpaka ulio wazi. Mwanafunzi anaweza kutazama taa, kujaribu soketi kwa chaja, kubadilisha waya wa muziki, kuzungusha vitufe na kusikiliza ni spika ipi inayolia. Hayo yote ni nje ya sanduku. Kufungua sanduku ni kazi ya mtu mzima anayejua, plagi ikiwa imechomolewa. Na kamwe, nasema kamwe, mtu asiweke kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi iliyokatika imekufa ili nyumba isiungue. Ikikatika tena baada ya kuwekwa mpya ya kiwango kinachofaa, inakuambia kuna hitilafu ndani. Mwite fundi.

Lakini ukimwita, nenda na habari. Mtu anayemwambia fundi, "Taa inawaka, spika ndogo zinalia, besi ndiyo hakuna, na kitufe chake nimekifungua," ni vigumu kumpunja. Anayesema, "Imekufa," amejitia kitanzi mwenyewe.

Hapa ndipo ninapokigeukia chama chetu cha Kiswahili. Tazameni maneno tunayotumia: imekufa, imeungua, imezima, imeshoti. Tunayasema kwa kila kitu, kuanzia sabufa hadi kikokotoo, na yote yana maana moja: sitaki kufikiri zaidi. Tunajua tamathali za usemi chungu nzima, lakini wangapi wanaweza kueleza kwa Kiswahili kilichonyooka kasoro ya redio ya mama yao? Napendekeza muhula ujao chama kishirikiane na wenzetu wa chama cha sayansi. Kila mwanachama alete kifaa kimoja kibovu kisichochomekwa kwenye stima, kama tochi, kengele ya betri au spika ndogo ya zamani. Tukipime mbele ya mwalimu wa fizikia, kisha tuandike kwa Kiswahili kilikuwa na nini, tulijuaje, na kilitengenezwa vipi. Maandishi hayo yabandikwe ubaoni ili Kidato cha Kwanza wayasome.

Kwa viranja na manahodha wa mabweni, ambao nami ni mmoja wao, nina ombi fupi. Taa ya bweni ikizima au kipaza sauti cha ukumbini kikinyamaza, tusiwapange wanafunzi wa Kidato cha Kwanza mstari na kuuliza nani ameharibu. Swali la kwanza liwe: kimeharibika nini? La pili: tumejuaje? Tukishayajibu hayo mawili, mara nyingi lile la tatu halitakuwa na haja ya kuulizwa.

Mdogo wangu sasa ndiye anayeisimamia sabufa ya hoteli. Mama mwenyewe alimpa kazi hiyo. Kila Jumamosi kabla ya mechi yeye hutazama taa, husikiliza spika moja moja, kisha hufungua sauti mpaka kwenye alama nyekundu aliyoichora kwa kalamu, basi. Nikiwa nyumbani mimi hukaa kando nikamtazama. Bado sijampa jibu la swali lake ana kwa ana. Nimemwekea nakala moja ya jarida hili.

Wasalaam.